Rivyu ya langar ya Soho Road, Birmingham: unakula bure, unaondoka na ndugu

Habari zenu ndugu zangu mlioko Uingereza, na nyie mnaojiandaa kuja. Wageni wa Birmingham huwa wananiuliza wapi pa kula chakula kinachokaribiana na cha nyumbani bila kumaliza hela, afu hao hao baada ya mwezi wanakuja na swali lingine, wapi pa kupata watu, maana huku chakula utakipata popote ila watu ndo mtihani. Jibu langu kwa maswali yote mawili ni moja, langar, yani jiko la chakula cha bure, ya gurudwara ya Soho Road pale Handsworth, hekalu la Singasinga, lile la jumuiya ya Guru Nanak Nishkam Sewak Jatha. Wakenya wanawaita Kalasinga, ni hao hao wa vilemba na ndevu. Naomba niielezee kama mtu anavyoelezea mgahawa, maana jiko lipo, chakula kipo, huduma ipo, kinachokosekana ni bili tu.

Nianze na chakula maana najua wengi ndo mnachotaka kujua. Unapewa sahani ya stili yenye vyumba vyumba, unakaa chini kwenye busati refu, mstari mmoja na watu usiowajua, afu wahudumu wanapita na ndoo na upawa. Wa kwanza anakumwagia dengu, wa pili mboga, wa tatu mtindi, wa nne anakuja na kapu la chapati na wewe unakinga mikono yote miwili anakudondoshea. Ukimaliza kabla hujashiba usiinuke, kaa hapo hapo, watapita tena na tena mpaka ufunike sahani kwa mkono kwamba sasa basi. Kanuni ni usibakize, omba kidogo kidogo, kumwaga chakula pale ni aibu kama ilivyo aibu kwetu.

Dengu zao zile nyeusi ni habari nyingine. Zinachemshwa muda mrefu mpaka zinakuwa nzito zenyewe, zina tangawizi, zina kitunguu swaumu, samli inaelea kidogo juu, na majani ya giligilani yanawekwa mwishoni kabisa ili yasipoteze harufu. Chapati ni za unga wa atta, yani ngano isiyokobolewa, ndani hamna tone la mafuta, zinachomwa kavu kwenye chuma pana mpaka zinavimba zenyewe afu zinapakwa siagi kidogo juu. Wewe uliyekulia chapati zetu za kukunja na mafuta siku ya kwanza utaona kama hazijaiva vizuri, vumilia, mimi siku hizi nazipenda kuliko zetu kwa sababu unakula nne na kiungulia hukisikii. Siku nyingine kuna wali wa maziwa na iliki, mzito, wa baridi, huo ukikuta usiuache. Chai ni ya maziwa imechemshwa na tangawizi na iliki na sukari ya kutosha, chai ya rangi msiitafute.

Nyama hakuna, samaki hakuna, hata yai hakuna, na hawatapika kamwe, kwa hiyo Mchaga mwenzangu uliyezoea mtori wenye nyama ya mfupa jua mapema. Mimi kwa chakula peke yake nawapa nyota nne, hiyo moja inakosekana kwa sababu ya mtori. Nyota za watu wa pale ntazieleza huko chini.

Kuingia hakuna ugumu. Funika kichwa, mwanamke kwa mwanaume, kama hujabeba mtandio utapewa kitambaa mlangoni. Viatu unavua, mikono unanawa. Usiingie na sigara hata kama iko mfukoni tu, na kama umekunywa bia siku hiyo usiende, nenda kesho. Wengi wanapita kwanza ukumbi wa ibada juu, wanasujudu mbele ya kitabu chao kitakatifu, Guru Granth Sahib, wanakaa kidogo wanasikiliza nyimbo, afu wanapewa kile kitu kitamu cha moto cha unga na samli na sukari, kinafanana na halua laini, nacho unakipokea kwa mikono miwili. Mimi ni Mlutheri, Jumapili nipo kanisani kwangu kama kawaida, pale juu huwa nakaa kwa heshima na nyimbo zile zinanituliza kweli, na tangu nimeanza kwenda hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuniambia nibadili dini. Ndugu zangu Waislamu mnaouliza, jiko halina nyama kabisa kwa hiyo swali la kuchinja halipo, na kile kitamu cha ibadani kama moyo wako haukiafiki unapita tu moja kwa moja ukumbi wa chakula, hakuna atakayekushangaa.

Sasa swali ambalo kila mtu analo, nani analipa? Wanalipa wenyewe. Singasinga ana wajibu wa kutoa sehemu ya kumi ya kipato chake, sawa na fungu la kumi letu, na wengine wanaleta vitu badala ya hela, utaona mtu anashuka kwenye gari na magaloni ya maziwa, gunia la unga, mfuko wa sukari, anaweka anaondoka bila kuandikwa jina. Utaratibu huu una zaidi ya miaka 500, ulianza na Guru Nanak mwenyewe, mwanzilishi wa dini yao, huko Punjab kaskazini mwa Bara Hindi, aliyezaliwa mwaka 1469, kwenye jamii ambayo watu wa tabaka tofauti walikuwa hawali pamoja. Yeye akasema wote chini, mstari mmoja, chakula kimoja. Tajiri akija akae chini, masikini akija akae chini. Na aliyelisimamisha jiko lenyewe kwa mikono yake alikuwa mwanamke, Mata Khivi, mke wa Guru wa pili, ambaye ametajwa kwa jina ndani ya kitabu chao kitakatifu pamoja na wali wake wa maziwa wenye samli. Mimi hiyo niliipenda sana, kwamba mama wa jikoni kaandikwa kwenye kitabu kinachosujudiwa.

Ila sasa nije kwenye kilichonifanya niandike yote haya, maana kama ingekuwa dengu tu ningesema nendeni mkale yakaisha.

Mimi nilikuja na viza ya kea, ile iliyofunguliwa kwa wahudumu wa wazee mwaka 2022, nikaangukia kwenye nyumba ya kupanga ya vyumba vingi ambayo kila mtu anaingia kwa saa zake na kufunga mlango. Kazi yenyewe ni ya kuhudumia wazee majumbani, unaongea na mzee dakika thelathini unakimbilia kwa mwingine, ukirudi usiku hamna wa kukuuliza umekula. Watu wa kanisani ni wema, siwezi kusema uongo, lakini ibada ikiisha kila mmoja na familia yake. Dada mmoja wa Zimbabwe tuliyekuwa shifti moja ndo aliniambia twende ukale kwa Singasinga. Nikaenda, nikala, nikafurahi. Nikaenda tena wikiendi iliyofuata peke yangu, na kwa kweli nilikuwa naona haya, mimi mtu mzima mwenye mshahara nakula bure kwa watu, nikamfuata mama mmoja aliyekuwa anakusanya sahani nikamuomba nisaidie kuosha. Akanishika mkono akaniingiza jikoni.

Hapo ndo gurudwara yenyewe ilipo. Wanaita sewa, kazi ya kujitolea, na pale jikoni karibu kila kitu kinafanywa na watu waliokuja kujitolea tu, daktari anamenya vitunguu na dereva wa teksi, mwanafunzi wa chuo anakoroga sufuria ambalo mtoto anaweza kuogea, bibi wa miaka themanini anasukuma chapati. Hakuna aliyeniuliza dini yangu wala karatasi zangu, nilipewa aproni na kisu na beseni la kitunguu swaumu.

Wanawake wa chapati wanakaa kuzunguka meza moja ndefu. Mmoja anakata madonge, wengine wanachovya kwenye unga mkavu wanasukuma, zinarushwa kwenye chuma, wa kwenye chuma anageuza na kuzikandamiza kwa kitambaa zivimbe. Nikakaa nikaanza kusukuma kwa mazoea yangu, donge la kwanza nikalikunja kwa ndani kama tunavyofanya sisi ili itoke tabaka tabaka, bibi mmoja upande wa pili wa meza akasimamisha kifimbo chake hewani akaniangalia mkono, afu akaniangalia usoni, akasema, kwa Kiswahili, "Wewe natoka wapi?"

Jamani. Nikamwambia natoka Tanzania, Moshi. "Aree! Moshi! Mimi nazaliwa Kisumu." Meza nzima ikageuka. Kumbe nusu yao walikuwa wanajua Kiswahili, kile cha jikoni cha Nairobi, "lete maji", "pole pole", "shauri yako", wengine walikuwa hawajakitumia miaka na miaka kikawa kinawatoka kwa vipande wakicheka, mmoja anamkumbusha mwenzie neno. Siku ile nilisukuma chapati mpaka mabega yakaniuma na sikutaka kuondoka.

Baadae ndo nikaelewa kwamba sikubahatisha. Aliyeanzisha jumuiya ile, Puran Singh, alikuwa injinia Kericho kabla hajahamia Birmingham miaka ya 1970, na mpaka leo Kericho kuna gurudwara kubwa imejengwa palipokuwa karakana yake, aliyewahi kupita njia ya Kericho kwenda Kisumu ataijua. Wengi wa wazee wa pale wanatokea kwetu Afrika Mashariki. Babu za baadhi yao waliletwa kutoka Punjab kujenga reli, ile iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ikafika ziwani 1901, vibarua elfu thelathini na ushee kutoka India, karibu 2,500 wakafia kazini. Waliobaki wakawa mafundi seremala, waashi, wahunzi, wenye gereji na mashine za mbao. Afu baada ya uhuru mambo yakawa magumu kwao, Wakenya wenye asili ya India wengi waliondoka 1967 na 1968, wale wa Uganda Idi Amin akawapa siku 90 mwaka 1972, na wa kwetu Tanzania wengi walianza kufungasha baada ya 1971 serikali ilipotaifisha majengo, zile nyumba tulizokuja kuziita za Msajili. Kwa hiyo ukikaa na watu hawa unakaa na watu ambao familia zao zimehama mara mbili, Punjab kwenda Afrika, Afrika kuja huku. Habari ya kufika sehemu na sanduku moja bila kujua mtu, huwaelezi wao, wao ndo wanakueleza wewe.

Na huku hawakupokelewa na maua. Kuna mzee mmoja fundi mstaafu, anakaa kwenye kiti karibu na mlango wa jikoni, ndo alinipa hiyo shule. Smethwick ni hapo jirani kabisa, mwaka 1964 uchaguzi wa pale ulipiganwa kwa chuki ya wazi dhidi ya wageni. Wolverhampton, sio mbali, madereva wa mabasi Singasinga walikatazwa kuvaa vilemba kazini, wakapigania jambo hilo karibu miaka miwili mpaka 1969 ndo wakaruhusiwa. Mzee akishamaliza siasa anahamia Safari Rally, hapo ndo utamjua ni mtoto wa Nairobi, atakuhesabia ushindi wa Joginder Singh, 1965 na Volvo, 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer, atakuonyesha na kona kwa mikono. Na ukimwambia Wahindi hawakupigania uhuru wetu atakutajia Makhan Singh, mtu wa vyama vya wafanyakazi wa Nairobi, aliyesimama hadharani mwaka 1950 kudai uhuru wa Afrika Mashariki, Waingereza wakamweka kizuizini mpaka 1961.

Lakini naomba niseme na hili maana nisiposema nitakuwa nimeandika nusu. Moshi nilikokulia mahusiano yetu na hawa watu hayakuwa hivi. Babu yangu mzaa baba alifanya kazi kwenye mashine ya mbao ya Singasinga mmoja miaka mingi sana, alimsifia tajiri wake kwa kulipa kwa wakati, lakini chakula chake alikula nje chini ya mti na tajiri alikula ndani, na hakuna aliyeona ajabu, sio babu wala tajiri. Kwa hiyo siku za mwanzo pale Soho Road nilikuwa nakaa kwenye busati, kushoto mama wa Kihindi kulia mzee wa Kihindi, nakula nao, huku kichwani namuona babu yangu na bakuli lake. Iliniuma, sio kidogo.

Yule bibi wa Kisumu, wote tunamwita Biji, yani mama, nilikuja kumwambia habari ya babu tukiwa tunachambua giligilani. Nilidhani atanyamaza au atabadilisha mada. Akaendelea kuchambua majani kidogo afu akasema, "Sisi ilikuwa na yaya, na boi, nalala kwetu, napika kwetu. Meza moja hapana. Hiyo hapana mzuri, puttar." Akasema mama yake alikuwa anapeleka unga wa langar gurudwara kila wiki na anarudi nyumbani anampa yaya chakula kwenye sahani yake ya peke yake. Hakutafuta kisingizio cha zama wala cha Mwingereza. Puttar ni mwanangu, na tangu siku hiyo hajaniita jina langu tena. Kwa haki niseme pia kwamba langar zenyewe hata kule kwetu zilikuwa wazi kwa kila mtu, madereva wa malori ya Mombasa wote wanaijua gurudwara ya Makindu, ipo tangu 1926, unasimama unakula dengu na chapati bure na hata kulala unalala. Ilikuwa majumbani na kazini ndo kila mtu na sahani yake.

Nimeelezea hili kwa urefu kwa sababu kuna Waafrika wenzangu wananiambia siwezi kwenda kwa Wahindi, wanatudharau. Dharau ipo sehemu nyingi, hata huku utakutana nayo kwenye duka la mtu, na sikulazimishi usahau. Nakwambia tu kwamba kwenye lile busati na kwenye lile jiko sijaikuta, na nimekaa muda wa kutosha kuijua.

Sasa ndugu unawapataje? Sio kwa kula. Ukienda kula tu utashiba, utatabasamiwa, utaondoka. Ni mikono. Ukishika kazi mara mbili tatu jikoni wanaanza kukukariri, ukikosa wanakuuliza. Mimi kuna wiki nilishikwa na mafua makali ya kule kifuani, siwezi kutoka kitandani, Jumamosi nikakosa jikoni. Simu ya kwanza ikaingia mchana, ya pili jioni, usiku mlango ukagongwa, mkwe wa Biji kasimama kwenye baridi na mfuko wa plastiki. Ndani kopo la aiskrimu la lita mbili, nje limeandikwa vanila, ndani dengu za moto na tangawizi nyingi kuliko kawaida, na chapati zimefungwa kwenye foili. Nilicheka mpaka nikakohoa maana nyumbani Moshi pia kopo la aiskrimu kwenye friji halijawahi kuwa na aiskrimu, utakuta maharage. Na kulikuwa na masharti, kopo lirudishwe.

Kingine kikubwa ni mkataba. Kampuni iliyonileta, sitaitaja, iliniahidi saa kamili za kazi, nikifika napewa robo, na naogopa kufungua mdomo kwa sababu viza yangu iko mikononi mwao, na mwajiri akikuacha kwa kawaida unapewa siku 60 tu kupata mwingine mwenye leseni ya kuajiri wageni. Hiyo habari nilikuwa sijamwambia mtu, nyumbani sitaki wajue, kanisani naona aibu. Nikamwambia Biji tukiwa tunaosha mchele. Jumapili yake akaja na mjukuu wake anayejua mambo ya sheria za kazi, binti mdogo kabisa, akakaa na mimi kona ya ukumbi wa chakula na chai mbili, akasoma mkataba ukurasa kwa ukurasa, akaniandikia barua, akaniambia usisaini kitu chochote kipya bila kunionyesha. Leo niko kwa mwajiri mwingine. Hakunidai hata nauli. Nilimpelekea kitenge, akashonesha suti ya Kipunjabi kwa kitenge kile akavaa harusi ya binamu yake, na mimi kwenye harusi hiyo hiyo nilipangwa upande wa bibi harusi, nimepakwa hina mikono yote miwili, naimbishwa nyimbo nisizozijua, na Biji anamwambia kila anayeuliza kwamba huyu ni wetu wa Moshi.

Mama yangu mzazi ameshaongea nao kwenye simu ya video. Mama hajui Kiingereza wala Kipunjabi na Biji Kiswahili chake ni kile, walielewana vizuri tu, waliongelea magoti, bei ya sukari na mimi kuolewa.

Mambo machache ya kujua kabla hujaenda. Ukumbi unajaa sana Jumapili na siku za sikukuu, hasa Vaisakhi mwezi wa nne, kipindi hicho kunakuwa na maandamano makubwa ya Singasinga wa Birmingham mpaka Handsworth Park na chakula kinagawiwa barabarani kwa kila anayepita, kapeleke watoto. Kukaa chini ni kazi kama magoti yana shida, sema tu, wazee huwa wanapata viti. Picha omba ruhusa kwanza, watu wanasali. Usipige stori kwa sauti ukumbi wa juu. Ukitaka kutoa hela kuna sehemu ya kutolea, hakuna atakayekuangalia umetoa au hujatoa, mimi nashauri hata ukiwa huna kitu ukipata mshahara nunua mfuko wa sukari upeleke. Na kwa mnaoishi mbali na Birmingham msijione mmekosa, gurudwara zipo Southall, Leicester, Coventry, Wolverhampton, Gravesend na miji mingine kibao, na jiko la langar lipo kwenye kila moja, ni sehemu ya imani yao kabisa. Kiswahili tu ndo sikuahidi, ingawa Leicester na Southall ukikosa mtu wa Nairobi au Kampala hujatafuta vizuri.

Kwa mnaotaka kushiriki kazi, usiandike barua pepe wala usisubiri kualikwa. Kula kwanza, osha sahani yako, afu mfuate mtu yeyote mwenye aproni mwambie nataka kufanya sewa. Atakupa kazi hapo hapo. Kucha ziwe fupi, pete vua, nywele zote ndani ya kitambaa. Jikoni kuna joto kwa hiyo usivae sweta mbili kama unavyovaa nje.

Nyota za watu nawapa tano, na zingekuwepo saba ningewapa.

Kutoka mjini panda basi namba 74, linapita Soho Road yenyewe, kuba utaziona kutoka barabarani. Ukitoka pita na maduka ya pale pale, utapata ndizi mbichi, bamia na muhogo wa kugandishwa, Wahindi wenye maduka wameandika "mogo" kwenye pakiti. Jumamosi asubuhi ndo jikoni wanahitaji watu zaidi, kuna vitunguu vingi sana vya kumenya kwa ajili ya Jumapili. Mimi kama sina shifti huwa nipo meza ya chapati upande wa dirishani, njoo ukae, Biji atakuuliza unatoka wapi.